Mikono Isiyojua Moto

Kama umejichoma na hukusikia, usishukuru. Kama una baka pajani au mgongoni, limepauka kidogo, haliwashi wala haliumi, na ukilifinya ni kama umefinya nguo ya mwenzio, usiseme afadhali haliumi. Mimi nilisema hivyo. Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeliona baka hilo jana au juzi na hujamwambia mtu. Sina la kukufundisha kuhusu vijidudu, hayo waachie wenye makoti meupe. Nitakueleza ya benchi, ya sahani na ya watu.

Nilizaliwa juu kule Newala, katika kijiji ambacho maji yake yako chini bondeni na mashamba yake yote ni mikorosho. Kwa mama yetu tulikuwa wawili. Dada yangu Somoe alipewa sura na sauti. Akiimba ngomani watu wanasogea. Mimi nilipewa kubeba maji. Sisemi kwa wivu, au basi niseme kwa wivu kidogo, maana hata mama alipokuwa akituita alianza na jina la Somoe hata kama shida yake ilikuwa kwangu.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Zamani korosho zilikwenda chama cha ushirika na maganda yake, unapeleka gunia, unasubiri. Mara wakaja watu na malori yao, na nyuma ya malori zikaja nguo za mitumba, sabuni za kunukia na redio za mkulima. Mmoja wa wanunuzi hao, mtu wa Masasi, alitaka korosho zilizokwisha kubanguliwa, nyeupe, nzima, zisizovunjika. Wanawake wa kijiji chetu wakawasha moto uani, wakakaa duara na kuanza kazi.

Anayeijua kazi hiyo anajua ukatili wake. Unazikaanga korosho kwenye karai mpaka mafuta ya ganda yashike moto, unazimwagia mchanga, kisha unagonga moja moja kwa jiwe. Yale mafuta yakikugusa yanakula ngozi. Ukisubiri zipoe kabisa, ganda linakuwa gumu na kiini kinavunjika, na mtu wa Masasi hataki vipande. Ukizichukua za moto zinatoka nzima, lakini nani atazichukua za moto?

Mimi nilizichukua. Nilitia mkono mchangani nikatoa korosho ambazo wenzangu hawakuthubutu kuzisogelea, nikagonga, nikatupa ganda, nikachukua nyingine. Somoe alikuwa akipuliza vidole na kulia machozi. Nilimcheka. Mama naye alimcheka, akawaambia majirani, "Mikono ya Mama Zainabu haijui moto." Maneno hayo yakatembea. Wanawake wa vitongoji vingine walikuja kuangalia, na mnunuzi alipofika aliuliza kwanza nilipo mimi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mama alianza kuita kwa jina langu.

Nataka uelewe jambo hili kabla sijaendelea, kwa sababu ndilo lililoniumiza kuliko mengine yote. Sikuwahi kuwa mtu wa maana pale nyumbani isipokuwa kwa ugonjwa huo. Ulinipa heshima kabla haujanipa kitu kingine chochote, na mimi niliipokea kwa mikono miwili, nikijisifu kwamba nina kipaji.

Siku moja, katikati ya msimu, tulikuwa duara kama kawaida. Nikasikia harufu ya nyama. Nikauliza nani anachoma nyama leo na sisi hatukualikwa, wenzangu wakacheka. Binti yangu Zainabu, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alikuwa amekaa nyuma yangu akicheza na maganda. Akainuka, akatazama, akasema polepole, "Mama, ni wewe."

Nilikuwa nimeshika kaa la moto pamoja na korosho. Lilikuwa limejichimbia kwenye kiganja changu na mimi nilikuwa nazungumza.

Hakuna aliyecheka tena. Bibi mmoja aliyekuwa upande wa pili wa duara alinyanyuka, akajikung'uta kanga, akasema anaenda kuangalia mbuzi wake. Hakuwa na mbuzi. Mmoja baada ya mwingine waliondoka, kila mmoja na sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyelitaja jina. Wazee wetu hawalitaji. Wanasema ugonjwa mkubwa, kisha wanatema mate pembeni. Mimi nitalitaja, maana wewe unayesoma umelitaja moyoni tangu mstari wa kwanza. Ni ukoma.

Nilishuka Masasi juu ya lori la mnunuzi yule yule, nimekalia magunia ya korosho nilizozibangua mwenyewe. Tulipokwisha kupita Chiungutwa, utingo aliuliza kwa nini nimefunga mkono. Nikamwambia nimejikata. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kuhusu ugonjwa huo na ulinitoka kwa urahisi sana.

Benchi letu sisi wa ukoma pale kliniki lilikuwa nyuma kabisa, mbali na mabenchi ya mama wajawazito na ya watoto wenye homa, chini ya dirisha lisilokuwa na kioo. Watu waliofika Masasi kwa mambo mengine walijua benchi hilo ni la nani, hivyo ukikaa tu umeshatangazwa. Nilisimama nje mpaka jua lilipokuwa kali, nikijifanya namsubiri mtu. Wewe pia utasimama. Simama, lakini mwishowe ingia ukae.

Muuguzi wetu alikuwa Sista Anjela, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, anayegombeza kila mtu sawasawa. Aliniambia nifumbe macho, atanigusa kwa pamba, na kila nikiguswa niseme "hapo". Nikafumba. Nikasubiri. Nikadhani ameitwa na daktari au anatafuta pamba. Nilipochoka nikamuuliza ataanza lini.

"Nimeshamaliza, Mama Zainabu," akasema.

Nilipofumbua macho nilimkuta ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, bila mipira ya mikononi, na sikujua kama ulikuwa umeshikwa. Hapo ndipo nilipolia.

Dawa zenyewe hazina hadithi ndefu. Mara moja kwa mwezi unashuka kliniki, unameza za siku hiyo mbele ya Sista, naye anakupa nyingine za kumeza nyumbani kila siku. Siku ya dawa ya kliniki mkojo unatoka mwekundu. Usipige kelele chooni kama nilivyopiga mimi. Baada ya miezi michache ngozi inaanza kubadilika rangi. Mimi nilizaliwa mweusi wa kawaida, lakini nikawa mweusi wa namna nyingine, weusi wenye wekundu ndani yake, kama sufuria iliyoungulia, na ngozi ikakauka ikawa na magamba kwenye miguu. Weusi huo unaondoka baadaye. Lakini watu wanauona kabla haujaondoka, wanajua, na walichokijua hakiondoki.

Sista alisema waziwazi kwamba ukishaanza dawa huambukizi mtu, na kwamba nitameza kwa misimu miwili ya korosho. Nikabeba maneno hayo kupanda nayo Newala kama zawadi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema ashukuriwe Mungu. Kisha akaniambia kibanda changu kiko tayari.

Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo Baba Zainabu hakuwa na nyumba ya kunifukuza. Alichukua alichokuja nacho, yaani baiskeli na sanduku la nguo, akanisalimia kwa adabu kutoka njiani, akaenda kwao. Simlaumu sana, aliondoka akiwa mgeni kama alivyofika. Aliyejenga kibanda kule mwisho wa mikorosho alikuwa mama yangu mzazi. Alikijenga vizuri. Kilikuwa na kitanda cha kamba, mlango unaofunga na paa lisilovuja hata tone.

Na alinilisha. Hili lazima niliseme, nisije nikamsingizia. Sijawahi kula vizuri kama miaka ile. Ugali wa mhogo umejaa mpaka ukingoni, kisamvu cha karanga, Ijumaa kipande cha kuku, tena paja. Ndoo ya maji ilikuja kila asubuhi, na kule kwetu mashine ya maji ilikuwa imekufa, kila ndoo imepandishwa kilima kwa kichwa cha mtu. Wao wenyewe walikuwa wanaoga kwa kikombe, mimi naoga ndoo nzima. Chakula kiliwekwa kwenye kisiki. Aliyeleta alipiga makofi mawili, kama unavyofanya ukiita kuku, kisha akaondoka, nami nikatoka kuchukua.

Nilijaribu kulalamika mara moja. Nilimwita mama akiwa anaondoka kisikini, nikamwambia naomba nije kula uani, nitakaa pembeni, sahani yangu mwenyewe. Alisimama akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Unalala pakavu, unashiba, unaoga," akasema. "Mtu anataka nini zaidi?"

Nilikuwa nimeshiba, na aliyeshiba akilia anaonekana anadeka. Nilikula paja langu la kuku, kuku wenzake wakinitazama.

Swali hilo nililichukua mpaka benchini, na huko nilimpata wa kumuuliza. Alikuwepo Mwalimu Alfonsi, mtu wa Lukuledi, ambaye kabla ya kuugua alikuwa akifundisha walimu wanafunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Somo lake lilikuwa hilo hasa, mambo ya moyo wa mtu na kinachomfanya ajitahidi. Alivaa shati lililopigwa pasi na alitunza kalamu mfukoni ingawa vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kujikunja. Alikuwa mcheshi. Alisema benchi letu ndilo darasa pekee alilowahi kufundisha ambalo wanafunzi hawatoroki.

Nilipomweleza aliyosema mama, alifurahi kama mtu aliyeulizwa swali alilolijua. Akachukua kijiti akachora ngazi mchangani. Chini kabisa, akasema, ni chakula, maji na usingizi. Juu yake ni usalama, kwamba hakuna wa kukudhuru. Juu yake kupendwa na kuwa na watu wako. Juu yake heshima. Na pale juu kabisa, akagonga kwa kijiti, ni mtu kuwa kile anachoweza kuwa, kipaji chake kifunguke chote. Wataalamu wanasema unapanda daraja moja moja, kwanza tumbo.

Nilimwambia ngazi ya mama yangu basi ina madaraja mawili tu, na mimi nimekaa juu kabisa, sina tena pa kupanda. Alicheka mpaka Sista akatoka kuuliza kuna nini. Nikamuuliza yeye yuko daraja la ngapi. Akafuta mchoro kwa kiatu, bila haraka.

"Dada yangu ananipikia vizuri sana," akasema.

Tulikutana benchini kila siku ya dawa. Tulipita naye msimu wa kwanza wa korosho na tukaingia masika. Alinieleza kwamba alikuwa ameandika barua chuoni na hajajibiwa, kwamba walimu wanafunzi wake walikuja Lukuledi kwa mazoezi ya kufundisha, walimwona barabarani, wakavuka upande wa pili, na mmoja wao ndiye aliyefundishwa naye kushika chaki. Aliyasimulia hayo akitabasamu. Shati bado lilikuwa na pasi. Niliona tu kwamba linazidi kumpwaya.

Katikati ya masika hakuja. Mwezi uliofuata hakuja pia. Nilimuuliza Sista, naye kwanza alinigombeza kwa kuchelewa, kisha akakaa karibu nami, jambo ambalo hakuwa akilifanya saa za kazi. Mwalimu amefariki, akasema. Nikamwambia lakini wewe ulituambia hatufi kwa ugonjwa huu. Akasema hakufa kwa ugonjwa huu. Aliacha kula. Dada yake alikuta sahani mlangoni, zimepangwa, zote zimejaa, zimefunikwa vizuri.

Nililia njia nzima ya kurudi juu. Nilifika nikakuta sahani yangu kwenye kisiki, nayo imejaa. Niliogopa ile sahani kama nyoka. Nilikaa mbele yake kwa muda mrefu nikijua kabisa kwamba naweza kufanya alichofanya yeye, na kwamba jambo hilo halihitaji hata nguvu. Kisha nikala. Nilikula kwa sababu ya Zainabu, na sasa nikueleze la Zainabu.

Msimu wa pili ukiisha, binti yangu angeingia unyagoni. Siku mwali anapotolewa nje, katika ukoo wetu, mama yake mzazi ndiye anayempaka mafuta kichwani mbele ya watu wote, kwa viganja vyake, kabla hajavalishwa nguo mpya. Nilipakwa na mama, mama alipakwa na bibi. Anayekupaka ndiye mama yako, hata wasiokujua wanajua hivyo kuanzia hapo. Dawa zangu zingeisha kabla ya siku hiyo. Nilihesabu mara nyingi, zingeisha kabla. Kwa hiyo nilikula, nikameza, nikashuka Masasi, nikapanda.

Zainabu mwenyewe ndiye aliyekuwa akileta chakula siku nyingi. Mwanzoni alikaa mbali kidogo akanisimulia ya shule. Baadaye alisimama tu. Baadaye akawa anapiga makofi mawili. Sikumgombeza, ni mtoto, alifundishwa. Alimwita Somoe mama mdogo, kisha nikasikia kutoka mbali, upepo ukivuma huku, anamwita mama.

Sista aliniandaa kwa siku yangu. Aliniambia vidole vyangu vimekufa ganzi na ganzi hiyo haitarudi nyuma, kwa hiyo macho yangu ndiyo yatakuwa vidole. Kila jioni niloweke mikono, niipake mafuta, niikague kila upande nikitafuta jeraha nisilolisikia. Sufuria nishike kwa kitambaa, hata ikionekana imepoa. Akanipa koleo dogo la chuma, la kushikia makaa, akasema, "Hili ndilo rafiki yako. Asiyelitaka hakutaki." Nilidhani anatania, ndiyo tabia yake.

Nilijifunza. Sijisifu, lakini nilijifunza vizuri. Mikono yangu mwishoni mwa msimu wa pili ilikuwa safi kuliko ya mwanamke yeyote kijijini, haina hata mchubuko, vidole vyote kumi viko mahali pake. Nilikuwa nikiitazama jioni nikifikiri, hii ndiyo itakayompaka.

Siku ya dawa ya mwisho Somoe alinisindikiza, kwa amri ya mama. Sista alimweleza yeye mbele yangu, kwa ile sauti yake ambayo hata barabarani inasikika, kwamba nimepona, kwamba naweza kula na mtu, kulala na mtu na kumshika mtoto. Ili aone, akaniwekea karanga kiganjani, akazichukua humo humo akatafuna. Somoe akaitikia ndiyo, Sista. Kwenye lori akakaa upande mwingine wa magunia.

Lakini alifikisha ujumbe, sina budi kumpa haki yake. Mama alinikaribisha uani. Hakuna aliyenikumbatia, hata hivyo nilikaa kwenye mkeka, na nililia kwa furaha kwa sababu ya mkeka.

Korosho za kwanza za msimu mpya zilikuwa zimeanza kudondoka na mwali alikuwa karibu kutoka. Wageni wangekuwa wengi. Siku moja kabla, wanawake waliwasha moto uani, wakakaa duara kubangua korosho za kulisha wageni. Mimi nilikuwa pembeni nikichambua mchele, peke yangu. Walikwenda polepole. Somoe aliungua akapiga yowe, mwingine akafuata, vipande vikawa vingi kuliko korosho nzima. Mama akatazama karai, akatazama jua, kisha akanitazama mimi.

"Mpisheni Mama Zainabu," akasema. "Mikono yake haijui moto."

Duara likafunguka. Walisogea kulia na kushoto, wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Bibi yule aliyekuwa na mbuzi wa uongo alipiga ardhi kwa kiganja kunionyesha pa kukaa. Nilikaa. Bega langu la kulia liligusa la mtu, na la kushoto likagusa la mtu.

Nilitoa koleo langu kwenye upindo wa kanga. Mmoja akauliza kama huko Masasi nilikwenda kutibiwa au kusomea ufundi wa vyuma, wakaangua kicheko, kile cha kutaniana, ambacho sikuwa nimekipata kwa misimu miwili. Nilijaribu korosho ya kwanza kwa koleo. Ikateleza. Wakacheka tena, safari hii kifupi, na nikamwona mama anaanza kugeuza uso.

Nilijua. Usidhani sikujua. Kila alichosema Sista kilikuwa kichwani mwangu, neno kwa neno. Niliweka koleo chini ya mkeka nikaingiza mkono mchangani.

Nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe, wala siku ya harusi yangu. Waliimba, nikaitikia. Walikula korosho nilizozitoa, zikitoka moja kwa moja vidoleni mwangu, watu wale wale waliokuwa wananipigia makofi kama kuku. Somoe alininywesha maji kwa kikombe chake kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi. Mama aliniita kwa jina langu mara mbili.

Asubuhi iliyofuata niliitazama mikono yangu kama nilivyofundishwa. Malengelenge yalikuwa yamejaa viganja vyote viwili, mengine yamepasuka, na vidole vitatu vya kulia vilikuwa vyeupe kwenye ncha, ngozi imeachana na nyama. Haikuuma hata kidogo. Nilikaa kitandani nikiitazama ikinidondokea maji kwenye kanga mpya.

Nilikwenda hivyo hivyo. Ngoma zililia, mwali akatolewa amefunikwa, watu wakapiga vigelegele. Mama alikuwa ameshika bakuli la mafuta. Nikanyoosha mikono. Akaiangalia, watu wote wakaiangalia.

"Kwa mikono hiyo?" akasema, taratibu kabisa, na akampa bakuli Somoe.

Somoe ana viganja laini. Alimpaka vizuri, kuanzia utosini kushuka shingoni, na Zainabu aliinamisha kichwa. Mimi nilisimama nyuma ya watu, mikono nimeificha ndani ya kanga ili isiwaharibie sherehe.

Mchana, wageni wakiwa wanakula, nilikuwa kibandani kwangu. Zainabu alikuja. Hakupiga makofi. Alisimama mlangoni na nguo zake mpya, kichwa kinang'aa, ameshika lile bakuli lenye mafuta yaliyobaki. Akasema, "Pole, mama." Nikamnyooshea mikono bila kufikiri. Akainua bakuli juu, akanimiminia kutoka juu, kama unavyommiminia mgeni maji ya kunawa, kwa uangalifu mkubwa ukingo wa bakuli usinifikie. Yalipokwisha akaweka bakuli chini nje ya mlango na kurudi ngomani. Nilijua ni mafuta kwa sababu niliyaona.

Vidole viwili vilikatwa Masasi na cha tatu kikafupishwa. Sista hakunigombeza. Alinifunga bandeji tu, na ningependa angegombeza.

Msimu uliofuata moto uliwashwa tena uani na wakaja kuniita. Walinifungulia nafasi kwenye duara, pale pale. Nilikaa, nikatoa koleo. Safari hii sikuliweka chini. Nilichukua korosho moja moja, nikiitazama, polepole, na baada ya muda mimi na wao tulikuwa tunakwenda mwendo mmoja. Sikuwa nimeungua hata mahali pamoja. Nilidhani mtu atalisema hilo.

Somoe akamwambia mama, wala si kwa ubaya, "Kama ni kwa koleo, hata sisi tunaweza."

Mama akakubali kwa kichwa. Aliyekuwa kulia kwangu akamsogelea aliyekuwa kushoto kwangu, kana kwamba katikati hapana mtu, wakaendelea kuzungumza. Niliinuka, nikajikung'uta kanga, nikachukua koleo langu, nikashuka Masasi na lori la jioni.

Sasa ninaishi huku Mkomaindo, kwenye chumba cha kupanga. Nauza karanga na korosho za kukaanga karibu na kliniki, na siku za dawa nakaa kwenye lile benchi la nyuma, ingawa sina dawa ya kumeza. Ukija utaniona. Nitakuuliza jina lako, nitakupa karanga, na nitakuonyesha jinsi ya kushika koleo.